Brussels Hadi London kwa Dakika Tano

Nichekeni tu, maana wakwe zangu wamenicheka miaka yote hii na sijafa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Durban, siku niliyokwenda kumposa Odette. Yeye Mkongo, mimi Mtanga, mfunga maboksi ya sabuni kiwandani Jacobs, na mjomba wake wa Umbilo, Tonton wanavyomwita, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Akikataa, basi tena.

Mshenga wangu, Mzee Shabani muuza vitenge, alinionya tukipanda ngazi za fleti: "Leo wewe huna mdomo. Mdomo wako ni mimi."

Nikaitikia. Tatizo lilikuwa koti. Nililinunua mtumbani (zito, la kijivu, na joto lile la Durban, jasho lanitiririka mpaka kwenye soksi), na mfukoni nilikuta karatasi ya safari ya ndege ya mtu: Brussels kuondoka saa nne kamili asubuhi, London kufika saa nne na dakika tano. Badala ya kuitupa nikaiacha humohumo.

Basi Mzee Shabani anazungumza vizuri, chai inanyweka, mara Tonton akaanza kusimulia miaka yake kumi ya Brussels, na mimi nikamwona Odette ananichungulia kwenye mwanya wa mlango, mdomo ukaniwasha, nikasema, "Hata mimi, Papa, nimepita pale, nikapanda ndege mpaka London."

Mzee Shabani akanikanyaga mguu. Nikauvuta.

"Ah bon?" Tonton akafurahi. "Na ndege inafanyaka muda gani kufika kule?"

"Dakika tano, Papa."

Tonton akashusha kikombe. Ningeweza kusema natania, lakini wapi, nikaendelea kwamba ni kama hapa na Morningside tu, ukifunga mkanda unafungua, na chai hawagawi kwa sababu haiwahi kupoa (hilo la chai hata sijui nililitoa wapi).

"Eish!" Tonton akasema. "Morningside yenyewe, na taa nyekundu ya marobot yote ile ya barabara, dakika tano haifiki!"

Nikaona bora nitoe ushahidi. Nikachomoa karatasi, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Tonton akavaa miwani. "Mutoto yangu, saa ya London iko nyuma ya Brussels saa moja. Ni saa moja na dakika tano, kilometa mia tatu na kitu." Kisha akasoma juu, polepole: "Madame Lucienne. Ni weye?" Akanitazama kifuani. "Hata vifungo ya koti iko ya mwanamuke."

Nyuma ya mlango Odette alicheka mpaka kikombe kikamdondoka. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na moyoni nikajua nimemkosa.

"Sasa sema ya kweli. Weye unaendaka wapi?"

"Jacobs, Papa. Kazini. Taxi mbili za kubanana, dakika arobaini, robot kumi na moja, na ile ya tisa imekufa tangu mwezi jana."

Tonton akakunja karatasi, akanirudishia. "Hii njia unaijua," akasema. "Na ni hii itamulisha mutoto yetu."

Odette ni mke wangu mpaka leo. Nimekoma: sinunui koti kabla ya kukagua vifungo na mifuko, na mtu akiuliza habari za ndege namwachia mke wangu ajibu. Ila Tonton hakomi. Kila akipiga simu, mwanangu akipokea, anauliza kama Madame Lucienne amesharudi kutoka Jacobs.