Karatasi ya Stempu Niliyoiandikia Tarehe ya Uongo

Nakumbuka vizuri, mwanangu, Jumamosi ile niliyobisha hodi kwa Mzee Rubeni huko Shively, kando ya Louisville, nikiwa na karatasi ya stempu, ile ya serikali ya kuandikia hati, ndani ya Biblia na kiburi tele kifuani. Juzi ulinipigia kutoka Buffalo, ukasema umeipata nyingine kama hiyo, tupu, katika sanduku la marehemu baba yako. Ukauliza kama bado ina nguvu kisheria, na kama unaweza kuitia tarehe ya wakati yeye angali hai. Nilicheka kidogo, maana nami nilikuwa na umri wako nilipowaza hivyo hivyo.

Kule kwetu Uvira, mtu alitaka kumwondoa shangazi yetu Esta kwenye kiwanja alichopewa na kaka yake, yaani babu yako. Hati iliungua vitani, na babu yako alikuwa amekwisha kufariki. Mahakama ikampa shangazi mwezi mmoja alete ushahidi. Hapo nikakumbuka karatasi moja ya stempu, yenye jina la zamani la nchi yetu, ambayo babu yako aliinunua akaiacha bila kuiandika. Nikajiona mwerevu kweli kweli! Nikaketi mezani kwangu Okolona, nikaandika hati upya kwa jina lake, nikaweka tarehe ya mwaka alipotoa kiwanja, nikaiga hata saini yake. Nilijiambia si uongo, kwani kiwanja alikitoa kweli.

Mzee Rubeni alikuwa karani wa mahakama kwetu kabla ya kuja huku ughaibuni kufunga maboksi ghalani kama sisi wote. Nilitaka atie saini ya shahidi. Akavaa miwani, akasogea dirishani, akaipapasa karatasi kama mama anayechagua kitenge. Saini hata hakuitazama. Alitazama ukingo wa chini.

"Soma hapa," akaniambia.

Palikuwa na herufi ndogo kama punje za ulezi: mwaka karatasi ilipochapwa. Ulikuwa miaka miwili baada ya tarehe niliyoiandika.

"Donc, basi, ile siku uliandika, hii karatasi ilikuwa haiyazaliwa," akasema. "Juge akiona hii, shangazi yako anatoka mu nyumba. Na hakuna mutu atamuamini tena."

Nikainama nikazisoma tena zile herufi. Karatasi ile ilipita vitani na kambini pamoja nasi, na muda wote huo ilikuwa imeshika ukweli wake pale chini, kimya. Nikauliza kwa sauti ndogo kama basi karatasi kuukuu hazina nguvu.

"Uzee wake haiko kosa," akanijibu. "Ungeweka tarehe ya leo na majina ya wenye wako hai, ningesema tujaribu. Weye ulisemesha mufu."

Akachukua karatasi nyeupe ya kawaida, akaandika kwamba sisi watoto watatu tulimsikia baba yetu akimpa dada yake kiwanja. Akaweka tarehe ya siku ile, akaniagiza kila mmoja wetu asaini mbele ya ofisa wa kushuhudia saini. Nikasaini Louisville. Nikaendesha gari hadi Columbus, shangazi yako Neema akasaini alipotoka kuhudumia wazee kule Westerville. Kisha nikashika njia ya Buffalo, na ndiko nilikoogopa, kwa sababu yule mtu wa Uvira alikuwa akimpigia baba yako kila siku, akitaka amwuzie kiwanja. Angenyamaza tu, kiwanja kingekuwa chake, yeye mtoto wa kwanza.

Baba yako aliisoma mara mbili, akairudisha mezani, akaingia chumbani. Nikajua amekataa. Akatoka amevaa suti ya kanisani.

"Twende," akasema. "Baba aliongeaka mbele yangu."

Nililia garini, mwanangu, na hadi leo nastaajabu. Nguvu niliyoitafuta kwenye stempu nilikuja kuiona kwa kaka yangu. Mahakama iliikubali karatasi yetu, na Shangazi Esta bado anafagia ua wake.

Karatasi uliyoipata usiitupe. Ukitaka kuiandikia, iulize kwanza ofisi itakayoipokea, maana sheria hubadilika. Wakiikubali, weka tarehe ya siku utakayosaini wewe mwenyewe, na waite mashahidi walio hai. Lakini baba yako usimsemeshe. Yeye alikwisha kusema, siku ile, ndani ya suti yake.

Mungu akupe mkono usiotetemeka unaposaini, na akupe ndugu watakaovaa suti kwa ajili ya neno lako.