Ubao Juu ya Kabati

Nilikotoka, Singida, rangi hukauka kabla hujaosha brashi. Hapa Tukuyu, nilikopangiwa kazi ya uuguzi, hata ukuta wa chumba changu unatoka jasho. Na ndipo nilipoamua kujifunza kuchora, kwa kunakili picha niliyoiona kwenye simu: miraba myekundu, ya bluu na myeupe, iliyotenganishwa na mistari minene myeusi. Niliiona kazi ya chekechea. Unabandika tepu kwenye ubao, unapaka, unabandua, mstari unatoka umenyooka.

Mimi nilibandua mapema, nyekundu ikaingia kwenye nyeupe. Nikafuta, nikapaka upya, nikauegemeza ubao karibu na jiko la mkaa, rangi ikatoka malengelenge. Nikaanza tena. Kila nikipita niliigusa kwa kidole, na kila nikiigusa niliacha alama.

Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anamenya ndizi, ananitazama ninavyoingia na kutoka.

"Mwanangu," akasema, "huku hata shuka halikauki kwa kusimamiwa. Iache."

Nikauweka ubao juu ya kabati. Wiki nzima mikono iliniwasha kwa hamu ya kuigusa.

Siku nilipobandua tepu, mstari ulitoka umenyooka kabisa. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akakaa kuutazama ubao. Aliponigeukia, mimi nilikuwa nimeshashika simu, natafuta picha nyingine.

"Sasa wiki nzima ulikuwa unasubiri nini," akaniuliza, "kama huitazami?"