Pumzi ya Dalali Norkul

Mara ya kwanza kufanya biashara na Norkul, alinipiga changa la macho. Nilikuwa mgeni katika soko la mifugo la Jomboi, nikitafuta kondoo wa kunenepesha, naye alikuwa dalali. Kwetu dalali haandiki kitu. Hushika mkono wa muuzaji na wa mnunuzi kwa pamoja, akaitikisa juu chini huku akipaza bei, mpaka mmoja alegee. Mkikubaliana, yeye ndiye hutamka "Baraka", na mali imeuzwa. Akiachia mikono kabla ya neno hilo, hakuna biashara, na yeyote aweza kujiingiza. Siku hiyo alinitikisa mpaka bega likauma, nikaondoka na kondoo wenye mikia minono na meno yaliyokwisha kwa uzee. Sikumlaumu. Nilichofanya ni kuhakikisha tangu hapo yuko upande wangu.

Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Ujana wake uliishia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na vumbi likamwachia ugonjwa sugu wa mapafu. Lakini sauti alikuwa nayo. Alikohoa, akatema, akauza. Ndipo ikaja korona. Soko likafungwa, naye akalazwa. Wengine waliopona walirudi sokoni. Yeye alirudi kitandani. Mwaka ulipita, na bado hakuweza kuvuka ua wake bila kuketi njiani. Majina ya watu yalimtoka kichwani. Asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha.

Nilimfuata kwa sababu Tursunboi, dalali aliyeshika nafasi yake, alikuwa akinipunja. Oisara, mkewe Norkul, alinimiminia chai nusu bakuli kama inavyompasa mgeni, akanieleza tiba zote: maziwa ya moto yenye mafuta ya mkia wa kondoo, na mazoezi ya muuguzi, kupuliza maji kwa mrija na kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza mchuzi.

"Umekuja kutazama maiti, mdogo wangu, au kuipa kazi?" Norkul akauliza.

Nikamwambia maiti haijui kondoo. Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, tukasubiri kiishe. Kisha akasema kinachomla: masika hii ikipita hajaonekana sokoni, nafasi yake imekwenda, na kazi nyingine hana. Oisara hakutaka. Tulipatana kwamba nitampeleka kwa gari na kumrudisha kabla vumbi halijapanda.

Siku ya kwanza alishika mkono wangu na wa mchungaji mmoja wa milimani, akatikisa kidogo, pumzi ikakata. Akanyamaza, ametushikilia, macho chini, akitoa hewa kidogo kidogo. Mchungaji akadhani bei yake imemchukiza dalali mkongwe. Akashusha. Norkul kimya. Akashusha tena.

"Baraka," Norkul akanong'ona. Sijawahi kununua rahisi namna ile.

Tukaendelea hivyo soko baada ya soko. Watu wakauita mnada wa bubu. Mimi nilipata kondoo, yeye akapata fungu lake, na rangi ikamrudia usoni. Oisara aliniambia kwamba jioni za siku ya soko hawezi hata kuvua viatu. Nilipomuuliza Norkul, alisema viatu ni vyake.

Karibu na Idi ya kuchinja nilihitaji kundi zima. Tursunboi, aliyekwisha kung'amua siri ya kimya kile, akaja kusimama nyuma ya muuzaji.

"Usishushe, baba," akamwambia. "Huyu hakatai bei. Anatafuta hewa."

Watu wakacheka. Norkul akapandwa na hasira, akatutikisa kwa nguvu zake za zamani, na sauti yake ya zamani ikatoka kweli, mpaka walio upande wa ng'ombe wakageuka. Mimi nikakubali. Muuzaji akakubali. Likabaki neno moja. Akafungua kinywa, hewa haikuwamo. Alituganda mpaka kucha zake zikawa za buluu, kisha akaachia mikono yetu na kushika ubavu wa lori.

"Mikono imeachiwa," Tursunboi akasema, bila kejeli. Akaunganisha mkono wa muuzaji na wa mchinjaji aliyekuwa akingoja, akatamka baraka.

Niligomba. Nilisema tulikwisha kupatana. Wote wakamtazama Norkul, na hewa ilipomrudia alisema, "Ni kweli. Niliachia."

Garini aliniomba nisimpitie tena. Sikumbembeleza, kumzika dalali si faida kwa mtu.

Idi ile nilikosa kundi, na wateja wangu wa miaka mingi wakanunua kwingine. Sasa nanunua kupitia kwa Tursunboi, kwa ada anayoitaka yeye. Norkul hana nafasi wala soko. Sasa aweza kuswali akiwa amesimama, jambo lililomshinda mwaka mzima, na muuguzi amemwambia asitarajie zaidi ya hapo.