Kisamvu si Muhogo

Mtaalamu wa lishe hakunitazama hata mara moja. Alimtazama mume wangu, akalitazama tumbo lake, kisha akamsukumia karatasi mezani, kana kwamba mimi niliyekaa pembeni nimekumbatia makoti mawili ni sehemu ya kiti. Ilikuwa baridi ya mwaka 2009, katika hospitali moja hapa Brussels. Wiki mbili kabla, mume wangu alikuwa ameanguka kazini, kwenye ghala la vifurushi, na walipompima wakakuta sukari imepanda mpaka mashine ya nesi ikashindwa kutoa namba.

Karatasi ilikuwa na picha. Upande wa kijani kulikuwa na samaki wa rangi ya waridi, majani fulani yaliyojikunja, jibini nyeupe na kibakuli cha nafaka ambayo sikuwahi kuiona. Upande mwekundu kulikuwa na wali, mkate, ndizi za kupika, viazi na muhogo. Yule mama akachukua kalamu, akaizungushia duara picha ya muhogo, akasema, "Ninyi watu mnakula wanga mno."

Kifaransa changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mboga na kuulizia basi. Lakini "ninyi watu" niliielewa vizuri sana.

Nilitaka kumuuliza: umetuuliza tunakula nini? Unajua mume wangu anaamka saa ngapi? Unajua sasa hivi kwenye friji yangu kuna nini? Hakuuliza. Alitupa daftari dogo tuandike kila kinachoingia kinywani, akatupangia kurudi baada ya miezi mitatu, akamwita mgonjwa mwingine.

Nitasema sasa kilichokuwamo kwenye friji, kwa kuwa yeye hakutaka kujua. Mume wangu alikuwa nyumbani bila kazi, analipwa pungufu kama wanavyolipwa wagonjwa. Mimi nilikuwa nafanya usafi maofisini alfajiri, mshahara wa nusu siku. Tuliishi Molenbeek, ghorofa ya tatu, jikoni ambamo ukifungua oveni huwezi kufungua mlango. Siku ile tuliporudi na karatasi yetu ya picha, tulikuwa na nusu kabichi, mayai manne, kopo la dagaa, vitunguu, siagi ya karanga, samaki mkavu kidogo, na pande la kisamvu kilichoganda, ambalo nililinunua kwenye maduka ya Kiafrika ya Chaussée de Wavre kabla hajaugua. Samaki wa rangi ya waridi hakuwepo.

Mume wangu akakaa kwenye kiti chake, karatasi mkononi. Yeye ni mtu wa Lubumbashi. Kwake ugali unaitwa bukari, na mlo usio na bukari ni kama salamu tu, bado hujala.

"Bon," akasema. "Donc, nitakufa na njala ao nitakufa na sukari. Nichague."

"Hufi," nikamwambia. "Nyamaza, nipishe nipike."

Nilipika kwa hasira. Nilikata kabichi nyembamba kama uzi, nikaikaanga moto mkali na kitunguu mpaka ikaanza kubadilika rangi pembeni. Nikachambua dagaa ndani yake pamoja na mafuta yao, nikavunja mayai mawili juu, nikafunika. Haikuchukua hata robo saa. Alikula, akapangusa sahani kwa kidole, akatazama sufuria. Hakusema ni tamu. Lakini aliitazama sufuria, na mimi nilimwona.

Kesho yake nikapika kisamvu. Kwetu Morogoro tunakiita kisamvu, yeye anakiita sombe, ni majani yaleyale ya mti wa muhogo. Nilikichemsha muda mrefu na kitunguu, nikakiungia siagi ya karanga, nikaweka samaki mkavu kidogo. Nikampakulia bakuli zima, bila wali, bila chochote pembeni, na kijiko.

"Sombe na kijiko," akasema. "Sawa supu ya wazungu."

Lakini alikula.

Ndivyo tulivyoishi miezi ile. Jumapili nilikwenda soko la Anderlecht saa za kufunga, wachuuzi wanapouza makasha mazima ya mboga zilizoanza kulegea. Kama ni biringanya, basi wiki ile ni biringanya: za kuchoma, za kuponda na karanga, za kupika na mayai. Kama ni koliflawa, ni koliflawa. Nilijaribu kuisonga kama ugali. Mara ya kwanza ikawa uji. Mara ya pili nikaikwangua, nikaipika kwa mvuke, nikaikamua ndani ya kitambaa safi kwa nguvu zote za mikono yangu mpaka maji yakaisha, ndipo nikaichanganya na yai na kuisonga motoni. Ikashika. Mume wangu akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachovya, akameza, akafumba macho.

"Hii haiko bukari," akasema.

"Najua."

"Lakini inaingia."

Kila asubuhi alimeza vidonge vyake, akajichoma kidole na kupima. Namba zilikuwa zinashuka. Alizisema kwa Kifaransa, kama anavyosema namba zote: deux cent dix, cent quatre-vingts, cent quarante, yaani mia mbili na kumi, mia na themanini, mia na arobaini. Nilizipenda namba zile kuliko mtu anavyopenda wimbo.

Kisha akaja wifi yangu.

Ni dada yake mkubwa, anaishi Liège, amesoma, anaongea Kifaransa kuliko wenye nchi. Alikuja kukaa wiki mbili kumwangalia mdogo wake. Siku ya kwanza mezani aliweka mikono mapajani, akazungusha macho juu ya meza yote.

"Alors, bukari iko wapi?"

"Wifi, daktari amekataza," nikasema.

"Daktari. Na weye unaitika tu." Akamgeukia mume wangu. "Ona shingo yake! Huyu alikuwa muntu wa nguvu. Sasa unamulisha majani sawa mbuzi."

Mume wangu akainama akala kabichi yake. Hakunitetea. Nilingoja aseme neno moja, hata "Yaya, acha," kama anavyomwita dada yake, na hakusema. Usiku niliosha vyombo kwa kishindo mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Siku zilizofuata nilisikia habari zangu kutoka kwa watu wengine. Nilipokwenda kusuka nywele Galerie d'Ixelles, msusi aliniuliza kwa upole kama ni kweli mume wangu anashinda njaa. Wifi alikuwa amepiga simu kote: mwanamke wa Tanzania anamnyima ndugu yake chakula. Nilikaa pale, kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa. Mimi ninayekamua koliflawa mpaka viganja vinauma. Mimi ninayebeba Jumapili kasha la biringanya kwenye tramu. Mimi ndiye muuaji.

Siku ya Jumatano nilirudi kutoka kazini saa nne asubuhi, nikafungua mlango, nikasikia harufu ya unga wa mahindi. Sufuria kubwa ilikuwa kwenye sinki, imelowekwa, ukoko umeganda chini. Wifi alikuwa anakunja nguo sebuleni, uso umetulia kama mtu aliyetoka kanisani.

"Leo amekula," akasema. "Amekula sawa muntu."

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake. Mdomo umekauka, macho mazito, chupa ya maji tupu miguuni. Sikumsalimu mtu. Nilichukua kile kipimo, nikamshika kidole, nikamchoma mwenyewe, nikamwonyesha wifi kioo kidogo.

"Soma," nikamwambia. "Wewe umesoma. Soma kwa sauti."

Akavaa miwani yake. "Trois cent... trois cent douze." Mia tatu na kumi na mbili.

"Jana asubuhi ilikuwa mia na thelathini. Niulize ilishukaje."

Hakuuliza. Alikaa chini polepole, akaanza kulia, analia kwa sauti kama tupo msibani. Ningeweza kumshika bega. Sikumshika. Nilimwambia mume wangu naye, mbele ya dada yake, kwamba yeye si mtoto, kwamba bukari haikumwingia mdomoni yenyewe, na kwamba siku nyingine akitaka kufa anitaarifu mapema niache kazi ya kukamua koliflawa. Akasema, "Pardon, chérie." Nikamwambia hiyo pardon akaliambie kongosho lake. Kisha nikampa maji, nikampigia nesi simu, nikafuata aliyoyasema, na ilipofika jioni namba ikaanza kurudi.

Wifi hakwenda zake. Nilidhani atafunga mizigo. Kesho yake alikuja jikoni, akasimama mlangoni maana ndani hapakuwa na nafasi ya wawili, akasema, "Nionyeshe ile kitu ya koliflawa." Nikamwonyesha. Hatukuombana msamaha. Alikamua vizuri, mikono yake ilikuwa na nguvu kunishinda.

Ndipo ikafika siku ya kurudi hospitali, na wifi akasema atatusindikiza.

Mtaalamu wa lishe alifungua daftari letu. Mume wangu ndiye aliyekuwa anaandika, na mume wangu ni mvivu wa kuandika. Badala ya "majani ya muhogo" kwa Kifaransa, aliandika neno moja tu: *manioc*. Muhogo. Jumatatu muhogo, Alhamisi muhogo, Jumamosi muhogo. Yule mama akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, uso unakaza kila anapogeuza ukurasa. Akalifunga daftari.

"Nilikukataza muhogo. Umekula muhogo kila wiki. Kwa nini unapoteza muda wangu?"

Mume wangu akaanza kucheka kwa aibu, jambo baya kabisa la kufanya. Mimi nikasema, "Majani, madame. Majani," nikatafuta maneno mengine nisiyapate.

"Majani au mizizi, ni mmea uleule," akasema, na akaanza kuandika kwenye faili. Nililiona neno alilokuwa anaandika. Baadaye nilielezwa maana yake: mgonjwa hafuati maelekezo.

Mmea uleule! Mtu mzima, mwenye cheti ukutani, ambaye kazi yake ni chakula. Majani yale hayana wanga wa kumtia mtu hofu. Wanga umo kwenye mzizi, na hilo analijua kila mwanamke aliyewahi kutwanga kisamvu. Na namba alikuwa nazo mbele yake, kwenye karatasi ya maabara: sukari imeshuka. Alipoulizwa na mume wangu imeshukaje basi, alijibu kwamba dawa zimefanya kazi.

Hapo wifi yangu akasimama. Sikuwa nimemwona amesimama hivyo. Aliongea Kifaransa laini, bila kupandisha sauti, na kwa muda mrefu. Sikushika yote, lakini njiani kwenye metro alinirudia kila neno. Alimuuliza yule mama kama akila majani ya figili huwa anasema amekula figili. Alimuuliza kama aliwahi kumuuliza huyu mwanamke anapika nini, na kwa nini hakuuliza. Akasema, "Mimi ni dada wa mgonjwa. Nilimpikia chakula kibaya mara moja, kwa ujinga, na nilikaribia kumuua. Huyu hapa amempikia chakula kizuri siku tisini, kwa kabichi na mayai. Andika hilo kwenye faili."

Yule mama akawa mwekundu shingoni. Akasema atahakikisha. Hakusema samahani. Na neno lile hakulifuta. Tulipouliza mapokezi, tukaambiwa kilichoandikwa kimeandikwa.

Kwenye metro wifi alimaliza kunirudia maneno yale. Kisha akaniita wifi kwa Kifaransa: "Belle-sœur, nilikusema vibaya kwa watu." Nikamjibu kwamba nilisikia. Akasema atawapigia simu wote tena. Sijui kama aliwapigia wote, ila msusi wangu alipigiwa.

Mwaka mmoja baadaye mume wangu alikuwa amerudi kazini, suruali zote zimepunguzwa kiuno, na tukaitwa kwa daktari mwenyewe, bwana mmoja mwenye mvi na haraka nyingi. Alipitia majibu, akapunguza dozi ya dawa kwa nusu, akatabasamu.

"Safi sana," akasema. "Mtaalamu wetu wa lishe amefanya kazi nzuri na wewe."

Mume wangu alivuta pumzi. Safari hii hakuinama. "Docteur," akasema, "hapana yeye. Ni bibi yangu." Kwao bibi ni mke.

Daktari akatikisa kichwa kwa adabu, akaendelea kuandika, kama mtu aliyesikia utani. Basi nikayaweka makoti chini sakafuni. Mwaka mzima nilikuwa nimesoma Kifaransa mara mbili kwa wiki, kwenye chumba cha chini cha maktaba ya Molenbeek, na sababu kubwa ya kusoma ilikuwa ile siku ya "majani, madame".

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyepika. Yeye alitupatia picha tu."

Akainua kichwa. "Ulipika nini?"

Nikamweleza. Nilianza na kabichi na kopo la dagaa, nikaenda kwenye biringanya, nikamweleza jinsi ya kukamua koliflawa na kwa nini kitambaa kisiwe kizito, nikamweleza kisamvu, jani na mzizi, taratibu, mpaka aliporudia mwenyewe: jani si mzizi. Nesi aligonga mlango, akachungulia, akaonyesha saa. Daktari akamwashiria asubiri, akachukua karatasi safi, akaniuliza siagi ya karanga naweka kabla au baada ya kuchemka.

"Baada," nikasema. "Na isiwe ile ya sukari. Andika na hilo."