Bahari ya Sebuleni

Niliona bahari ndani ya kioo, sebuleni kwa bwana mkubwa mmoja Dar, nikatamani na mimi niwe nayo hapa Kilosa. Pesa sina, ila ujinga ninao wa kutosha. Nikaunga vioo vya dirisha kwa lami. Shemeji anayefanya kazi reli akaniletea samaki wawili wa rangi na kipande cha matumbawe ndani ya debe. Maji nikachota kisimani. Chumvi nikatoa dukani.

Duka lenyewe ni la ushirika, na muuzaji ni mimi. Mfuko wa mwisho nikaumimina wote, na akina mama waliopanga foleni nikawaambia chumvi haikuletwa. Mke wangu naye nikamwambia hivyo hivyo, tukala maharage chapwa. Samaki wakafa kesho yake. Nikawatupa, maji nikayaacha.

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Chanzuru, na majirani wakajaa sebuleni kumwamkia. Mimi nikakaa barazani, maana kwetu mkwe hatazamwi wala hasemeshwi. Nikamsikia mke wangu akimwomba radhi kwa chakula kisicho na chumvi. Kupitia dirishani nikamwona mama mkwe akichota kikombe kwenye kile kioo, akidhani ni maji ya kunywa. Ningemzuia vipi?

Akanywa. Akachota tena, akanyunyizia maharage yake, akaonja.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "mwambie mumeo maharage yamekolea. Na hawa wenzako wakalete vyungu vyao."