Skrini ya Mpakarangi

Ofisini walimwita Mpakarangi, na hawakuwa wakimsifu. Kazi yao ilikuwa kutunza programu ya hospitali. Kwa agizo la bosi, mistari inayogusa kumbukumbu za wagonjwa halisi ilionekana kwa rangi nyekundu kwenye kila skrini, na ile ya majaribio kwa kijani. Skrini yake peke yake ilikuwa ya bluu na njano, kama kibanda cha pipi. Alikuwa ameandika skripti, programu fupi iliyobadilisha rangi hizo kila alipowasha mashine. Wenzake walicheka, naye akacheka nao. Kujificha nyuma ya mzaha ni kazi ya kutwa, na yeye aliifanya bila likizo. Tangu kuzaliwa hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

Jumatatu moja bosi, mama asiyependa mchezo, akaamuru mashine zote ziwe na rangi za aina moja. Mpakarangi akaiondoa skripti yake shingo upande.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa akifuta wagonjwa wa kubuni, wale wa majaribio. Akaandika amri, akanyoosha kidole abonyeze.

"Wee kaka, ngoja!" Jirani yake wa meza, yule yule aliyembandika jina, akamdaka mkono. "Huo mstari mwekundu huuoni?"

"Mwekundu upi?"

Jirani akamtazama, akatazama skrini, akamtazama tena. Safari hii hakucheka.

Ikabidi aende mwenyewe kwa bosi. "Mama, nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Nimeponea chupuchupu kufuta wodi nzima. Kama ni kunifukuza, nifukuze tu."

Bosi akavua miwani. "Miaka yote hii umekaa kimya? Rudisha skripti yako sasa hivi. Ukinificha tena jambo kama hili, hapo ndipo nitakufukuza."

Jioni akamweleza mkewe jikoni, akijua ugomvi hauko mbali. Mkewe aliendelea kukata nyanya.

"Ndiyo habari yenyewe hiyo? Unadhani kwa nini sikutumi nyanya sokoni? Wiki ile ya kwanza ya ndoa uliniletea mbichi tupu, ukazisifia zilivyoiva."

Alishikwa na aibu, kisha akajihisi mwepesi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."