Ngozi Aliyoletewa Mama Ineza

Kuna watu kipimo cha DNA kinawaumbua hata kama anayepimwa ni mbuzi.

Kankindi, sisi tunamwita Mama Ineza, ni mjane wa hapa Nyakisasa. Alikuwa na mbuzi jike wa kahawia, kila akizaa ni pacha. Mumewe alipofariki akashindwa kulima na kuchunga peke yake. Akabaki na beberu mdogo, yule jike aliyemzaa akampa Bigirimana amchungie. Bigirimana ndiye alimbeba Ineza mgongoni siku wanakimbia vita Burundi, na ndiye angesimama kama baba siku Ineza anaolewa. Wewe ungempa nani mwingine?

Huku kwetu mbuzi uliyempa mtu akifa, unaletewa ngozi. Ndiyo ushahidi. Bigirimana akaileta, ya kahawia, huku analia. Mama Ineza akaikausha, akawa anaikalia akichambua maharage.

Mwaka jana wakaja watafiti. Wanatafuta mbuzi wasiosumbuliwa na minyoo, maana nguvu hiyo inarithiwa, wapate mabeberu wa mbegu. Waking'oa manyoya kidogo wanaenda kuyapima, Ngara mpaka Biharamulo. Wakarudi na majibu, binti mtaalamu anacheka kabisa.

"Hongera mama! Beberu wako ni wa mbegu. Na mama yake tumempima Nyantakara, naye yuko vizuri."

"Mama yake alikufa, mwanangu."

"Hajafa, mama. Yuko kwa mtu mmoja, anasema kaletewa na shemeji yake, Bigirimana. Ana pacha."

Mama Ineza akakunja ngozi, akaondoka nayo. Nikamfuata. Ndiyo, umbea.

Tukamkuta Bigirimana uani anakunywa chai, Mama Ineza akamweleza majibu ya kipimo.

"Mama Ineza, hizo mashine zinakosea bwana."

"Mashine haijawahi kula kwangu. Wewe umekula."

Akaweka kikombe chini. "Basi nitakurudishia, yeye na watoto wake."

"Utawaleta. Hii ngozi ni ya nani?"

"Nilinunua machinjioni."

"Na machozi ulinunua wapi?"

Ngozi ikabaki mlangoni kwake.

Mbuzi wamerudi, na kijiji kinasema yameisha, mama ashukuru. Acheni ujinga. Juzi Ineza, harusi mwezi ujao, kauliza mbona Baba Bigirimana haji kwenye vikao.

"Tutatafuta mtu mwingine," mama akasema.

"Nani?"

Mama Ineza akaendelea kuchambua maharage, amekaa chini kwenye udongo.